Usipige Kiki Kwanza

Barua za mwezi huu karibu zote ni za pikipiki zilizolala. Moja iko stoo miaka mingi, nyingine imekaa karibu na bahari, ya tatu ililazwa na mafuriko, na ya mwisho bado inatembea ila mwenyewe anataka kuilaza. Naanza na barua ndefu, kwa kuwa majibu yake yatawafaa na wengine. Majina sikuyaandika, kama kawaida yetu.

SWALI: Fundi amesema imekufa, anataka kuinunua

Fundi, shikamoo. Mimi ni msomaji wako wa Muheza. Marehemu baba yetu alikuwa bwana mifugo, akatuachia Honda CG125. Alipoanza kuumwa mwaka 2016 aliiingiza stoo, kando ya magunia ya mahindi, na haijatoka tena. Mdogo wangu anaitaka ya kuendea shamba. Tulimwita kijana fundi wa hapa kwetu, akamimina petroli lita moja juu ya ile iliyokuwemo, akapiga kiki. Ilishuka kidogo ikagoma. Akaipanda kwa miguu miwili, haikwenda. Anasema injini imekufa lakini yuko tayari kuichukua kwa bei ya chuma chakavu. Mama anasita. Tuiuze? Na kadi bado ina jina la baba, tufanyeje?

JIBU

Marahaba, binti yangu, na Mungu amrehemu mzee. Msiiuze. Na hata mkija kuiuza, msimuuzie huyo. Nimekaa gereji hapa Ngamiani, Tanga, miaka ya kutosha kujua kwamba injini inayokufa mbele ya mnunuzi ina tabia ya kufufuka wiki inayofuata ikiwa na mwenyewe mpya.

Niwaambie kinachotokea humo ndani. Injini ikizimwa, pistoni husimama popote ilipofikia, na mara nyingi valvu moja inabaki wazi. Hewa inapita hapo. Muheza mnapata unyevu wa bahari upande huu na wa Usambara upande ule, kwa hiyo miaka yote hiyo hewa yenye maji imekuwa ikiingia hadi kwenye ukuta wa silinda. Oili iliyokuwa imepaka ukuta huo ilishashuka chini zamani. Ringi ni chuma, ukuta ni chuma, vikikaa vimegusana vikavu kutu inavigandisha. Kutu yenyewe huwa nyembamba, na ikipewa mafuta na muda inaachia. Ikilazimishwa na mtu mzima aliyesimama juu ya kiki, ringi zinakatika au meno ya kiki yanasagika. Hapo ndipo chuma chakavu kinapoanza kupatikana kweli.

Kwanza hakikisheni kilichogoma ni injini. Wekeni gia nyutro, simamisheni pikipiki kwa stendi kubwa, zungusheni gurudumu la nyuma kwa mkono. Likigoma nalo, breki imeshika. Pikipiki nyingi ndogo, ikiwa kwenye gia na breki ya nyuma imeshika, kiki inaweza kugoma hata kama injini yenyewe ni nzima. Nimewahi kuletewa pikipiki iliyoandikiwa kufunguliwa injini, na ugonjwa wote ulikuwa kwenye breki shuu mbili.

Gurudumu likizunguka vizuri na kiki bado imegoma, haya, ni pistoni. Sasa fuateni taratibu.

Plagi ya CG ni ya uzi wa milimita 12 na hufunguliwa kwa spana ya plagi namba 18. Kabla ya kuigusa, safisheni pale inapoingia kwa brashi kavu, kisha pulizeni. Mchanga uliojaa kwenye kishimo kile, ukiitoa plagi bila kuusafisha, wote unaingia ndani ya silinda. Dondosheni mafuta ya kulainisha kutu kwenye mzunguko wa plagi, mwache hadi kesho yake. Ikianza kuachia kisha ikakaza tena, rudisheni ndani kidogo, ongezeni mafuta, toeni tena. Kichwa cha injini ni aluminiamu, nyuzi zake zikitoka na plagi mtaingia gharama ya bure.

Plagi ikishatoka, changanyeni dizeli na oili ya giaboksi ya otomatiki, nusu kwa nusu. Mimineni vijiko vitatu au vinne vya chakula kupitia tundu la plagi, zibeni tundu kwa kitambaa safi, muiache. Siyo saa moja. Iacheni siku kadhaa, na kila jioni mwongeze kijiko. Huyo mdogo wako nina hakika atataka kujaribu kila akipita stoo. Mtafutieni kazi nyingine.

Baada ya hapo msirudi kwenye kiki. Wekeni gia ya juu kabisa, shikeni gurudumu la nyuma kwa mikono, msukume mbele kidogo, nyuma kidogo, mbele, nyuma. Kwa gia ya juu gurudumu linaisukuma pistoni kwa upole kuliko kiki, na mkono unahisi kinachotokea. Mtakachokuwa mnakitafuta ni kadogo sana: gurudumu lenyewe lina ulegevu wake wa cheni na gia, kisha linafika mahali linagonga ukuta. Siku pistoni ikiachia, ule ukuta unakuwa laini, unasogea labda upana wa kucha. Msishangilie kwa kusukuma zaidi. Rudini nyuma, mbele tena, mwongeze mafuta, hadi izunguke mzunguko mzima. Tundu la plagi lifunikeni kwa tambara na mtu asiinamishe uso pale, kwa sababu mafuta machafu yatatoka kwa nguvu.

Ikipita wiki mbili hivi na hakuna dalili, basi fungueni kichwa na bloku. Hata hapo si msiba. Silinda ya CG ina upana wa milimita 56.5, inachongwa na kuwekewa pistoni ya saizi kubwa zaidi, kuanzia robo milimita. Na hii ndiyo sababu naipenda Honda hiyo. Ilitoka katikati ya miaka ya 1970 kwa ajili ya nchi kama zetu, ambako gereji iko mbali na oili hubadilishwa mtu akikumbuka. Haina cheni ya taimingi. Valvu zake zinasukumwa na fimbo kutoka chini. Wachina waliinakili injini hiyo wakaitapakaza dunia nzima, na bodaboda nyingi za 125 mnazoziona hapo stendi ni wajukuu zake. Kwa hiyo pistoni na ringi mtapata. Ila chukueni ya zamani mkononi mwende nayo dukani, muweke mbili kaunta na kuzilinganisha, pini, urefu, kila kitu. Muuza duka atasema "zote sawa". Pimeni.

Injini ikizunguka, mwageni oili yote. Dizeli mliyomimina imepenya ringi na kushuka chini, ikachanganyika na oili, na mchanganyiko huo haulindi kitu. Chini ya injini kuna chujio la waya; litoeni, lisafisheni kwa petroli. CG hii haina chujio la karatasi, kwa hiyo anayewauzia "filta ya oili ya CG" anawauzia zawadi. Wekeni oili ya pikipiki, 20W-50, iliyoandikwa JASO MA kwenye chupa. Oili nyingi za magari mapya zina dawa ya kuteleza inayofanya klachi ya pikipiki iserereke, maana klachi yetu inaoga kwenye oili hiyo hiyo.

Sasa tenki. Yule kijana alimimina petroli mpya juu ya ile ya 2016, na hilo nalo ni la kurekebisha. Petroli iliyokaa inapoteza sehemu yake nyepesi, ile inayoshika moto, inabaki nzito yenye harufu ya vanishi. Fungueni mfuniko mnuse, pua itawaambia. Toeni yote, msiimwage shambani wala kwenye mtaro. Ondoeni tenki, ondoeni koki ya mafuta, mulikeni ndani kwa tochi. Mkiona kutu ya unga-unga, siki nyeupe inatosha: jazeni hadi juu, iacheni siku moja au mbili, mwage, halafu suuzeni kwa maji yenye magadi ili kuua ukali wake, mara moja mkaushe kwenye jua na kuzungusha ndani dizeli kidogo yenye oili. Tenki likibaki na maji baada ya siki, litapata kutu mpya kabla hamjamaliza kunywa chai. Kutu ikiwa ya magamba, ongezeni mawe madogo ya kokoto yaliyooshwa, mtikise. Yahesabuni yakiingia, yahesabuni yakitoka. Asidi ya kusafishia choo ambayo mafundi wengine wanaisifu, nimeona imetoboa tenki. Na kwa kuwa mko Muheza, msinikamulie machungwa humo.

Kwa kuwa ilikaa na magunia, fungueni sanduku la eakilina, yaani chujio la hewa, kabla ya kuwasha. Panya huhifadhi mahindi humo na kutafuna sponji ya chujio kwa kutandikia watoto. Chungulieni ekzosi pia, na ule mpira mwembamba unaoning'inia chini ya kabureta: nyigu wa udongo wanaupenda mno. Wanauziba kwa tope lililokauka kama saruji, na kwa nje huoni chochote. Fuateni nyaya zote kwa vidole, moja moja, kutoka kwenye taa hadi chini ya kiti, mtafute palipotafunwa.

Kabureta nitaieleza kwa ndugu wa Likoni hapo chini, isomeni.

Moto wa plagi upimeni mbali na tundu la plagi, maana bado kuna mvuke wa mafuta. Plagi mpya, igusisheni bodi ya injini, mmoja apige kiki. Kwenye CG nyingi zenye CDI, kile kisanduku cha elektroniki cha kuwashia plagi, moto huo unatoka kwenye koili ya magneti, kwa hiyo betri iliyokufa si sababu ya kukosa moto. Kama ni ya zamani yenye pointi, vile vidude viwili vinavyogusana na kuachana kukata umeme, pointi hizo zitakuwa na ukungu. Msasa laini, kisha nafasi ya kati ya milimita 0.3 na 0.4. Valvu zipimwe injini ikiwa baridi: 0.08 ya milimita, ya kuingiza na ya kutoa sawa.

Siku ya kuwasha, itoeni nje. Stoo iliyofungwa na moshi wa injini vimeua watu. Msitumie tenki bado. Tundikeni chupa ndogo ya petroli mpya yenye mpira. Itatoa moshi mwingi mweupe wa buluu, yale ni mafuta mliyoyamimina, yataisha. Msiivute resi. Iacheni iungurume dakika chache, izimeni, ipoe, sikilizeni tena. Baada ya kuitembeza siku chache, mwageni oili ile mara ya pili, itakuwa imebeba kutu yote.

Kabla mdogo wako hajatoka nayo barabarani: breki zote mbili zifunguliwe, kwa sababu ngozi ya breki shuu hubanduka kwenye chuma chake baada ya miaka, na siku ya kubanduka kabisa ni siku unaposhuka mlima. Vumbi la humo msilipulize kwa mdomo, lifuteni kwa kitambaa chenye maji. Tairi zina namba nne ndani ya kiduara, mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Mkiona 2314, ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Hazitoki nje hizo hata kama maua yake ni mapya.

Kuhusu kadi: familia ikae, ipendekeze msimamizi wa mirathi, aende mahakamani athibitishwe. Karatasi hiyo ya mahakama ndiyo inayompa nguvu ya kwenda TRA kuhamisha umiliki. Bila hiyo, hata anayenunua ananunua matatizo. Bima ikatwe upya. Na akitokea mtu wa kuwadai "ada ya leseni ya chombo ya kila mwaka" kwa miaka yote iliyolala, mwambieni ada hiyo ilifutwa mwaka 2017.

Mama yako amefanya vyema kusita. Msalimie.

SWALI: Inawaka kwa choki tu

Fundi, salaam aleikum. Niko Likoni, Mombasa. Boxer yangu niliiacha mwaka mmoja na nusu nilipokwenda kazini Qatar. Nimerudi, nimebadilisha plagi na petroli, inawaka. Lakini lazima choki iwe juu. Nikiishusha inazima, na barabarani inakwenda vizuri nikiwa kasi tu. Fundi wa hapa ataka ninunue kabureta mpya. Ni kweli?

JIBU

Waalaikum salaam, ndugu yangu. Usinunue bado. Umejieleza vizuri kiasi kwamba ugonjwa unajulikana bila kuiona pikipiki: jeti ndogo imeziba.

Kabureta yako ina jeti mbili. Kubwa inafanya kazi ukivuta mafuta mengi, ndiyo maana ukiwa kasi huoni tatizo. Ndogo inalisha injini ikiwa sailensa, yaani inaunguruma bila kuvutwa resi, na unapoanza kuondoka. Tundu lake ni jembamba kiasi kwamba petroli iliyokaukia humo, ikaacha utando wa kijani au wa kahawia, inatosha kuliziba lote. Choki inapunguza hewa, hivyo inafidia mafuta yanayokosekana. Ukiendelea kuendesha jeti ikiwa imeziba, injini inapata hewa nyingi kuliko mafuta na inachemka, kwa hiyo usiizoee.

Funga koki. Chini ya bakuli la kabureta kuna skrubu ya kumwagia. Ifungue juu ya kibakuli cheupe uone kinachotoka. Likitoka tone la maji, au chembechembe, umeshajua tenki nalo linahitaji kuangaliwa. Halafu toa kabureta yote. Mafundi wengi watataka kuisafisha ikiwa pale pale, kwa kupuliza tu. Kwa kabureta iliyokaa mwaka na nusu huo ni mchezo.

Kuna skrubu ndogo ya kurekebisha hewa ubavuni. Kabla ya kuitoa, ifunge ndani taratibu huku ukihesabu mizunguko hadi ikae, uandike hesabu hiyo mkononi au ukutani, kisha ndiyo uitoe. Bila hesabu hiyo utarekebisha hadi magharibi. Angalia isije na springi na kioringi chake vikadondoka, vidude hivyo vina mapenzi na mchanga.

Jeti yenyewe itoe kwa bisibisi inayoenea sawasawa kwenye mfereji wake. Ni shaba laini, bisibisi ndogo itaikata kichwa. Iloweke kwenye dawa ya kabureta usiku mzima, kisha iinue kwenye jua uchungulie. Unatakiwa kuona nukta ya mwanga, duara kamili. Ukiona mwezi mchanga bado haijawa safi. Kuichokoa, tumia unyuzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya laini wa umeme. Kuna fundi atakata unyuzi wa kebo ya klachi. Kataa. Ule ni chuma, jeti ni shaba, unapanua tundu, na baada ya hapo pikipiki itakula mafuta na kutoa moshi mweusi, nawe utarudi kununua ile kabureta uliyoikwepa.

Vijia vya ndani ya kabureta pia, si jeti peke yake: nyunyiza dawa upande mmoja, utaiona inatoka upande wa pili. Isipotoka, endelea.

Ukishairudisha na tatizo likabaki, tazama mpira unaounganisha kabureta na injini. Chumvi ya bahari na jua huupasua. Injini ikiwa inawaka, dondoshea maji kuuzunguka. Mlio ukibadilika, hewa inapenya pale. Mpira huo ni bei ndogo sana mbele ya kabureta. Na kabureta mpya ya bei rahisi, nisikufiche, mara nyingi ni mbaya kuliko ya kwako iliyochafuka.

SWALI: Ililowa kwenye mafuriko

Shikamoo fundi. Niko Kigogo, Dar. Maji ya Msimbazi yalifika hadi kwenye kiti cha pikipiki yangu. Niliisukuma nikaiweka uani, sasa ni miezi minane. Nimefungua kifuniko cha oili, oili imekuwa nyeupe-nyeupe. Niiwashe ijikaushe?

JIBU

Marahaba. Usiiwashe.

Hiyo weupe ni maji yaliyopigwa pamoja na oili. Na maji ya Msimbazi yana tope na uchafu wa kila aina, si maji ya bomba. Yameingia kupitia eakilina, ekzosi na bomba la kupumulia la injini. Kwa miezi minane beringi za ndani zimekaa kwenye maji hayo.

Mwaga oili, jaza dizeli na oili kidogo, izungushe kwa mkono plagi ikiwa nje, mwaga, rudia hadi kinachotoka kiwe safi. Kisha weka sikio kwenye bisibisi ndefu, ncha yake ikigusa injini, mtu azungushe taratibu. Ukisikia mkwaruzo wa mchanga, injini ifunguliwe yote katikati, hakuna njia ya mkato. Nyaya na swichi utahangaika nazo baadaye. Kama ni pikipiki ya bei ya chini na imeshatembea sana, piga hesabu kabla ya kuanza. Kufungua injini yote, kubadilisha beringi na oili sili, pamoja na ufundi, kunaweza kukaribia bei ya iliyotumika nzuri. Ungekuwa umeileta wiki ile ile ya mafuriko ningekupa jibu jingine.

SWALI: Nataka kuilaza Vespa

Assalaam alaykum fundi. Mimi ni Mzanzibari niliyeko Maskati kwa kazi. Nyumbani Unguja nina Vespa PX niliyoipata kwa marehemu babu, na bado inatembea vizuri. Nikija likizo nataka kuihifadhi miaka miwili. Mpwa wangu ameahidi kuiwasha dakika tano kila Ijumaa. Inatosha?

JIBU

Waalaykum salaam warahmatullah. Heri wewe unayeuliza kabla.

Mpwa wako ana nia njema lakini dakika tano za Ijumaa zinaua. Injini inawaka, inatengeneza mvuke wa maji ndani ya ekzosi na ndani ya injini, na inazimwa kabla haijapata joto la kuukausha mvuke huo. Kila wiki unaongeza maji. Ama aiendeshe kweli kweli, aende nayo hadi Bububu na kurudi, ama asiiguse kabisa. Kwa miaka miwili mimi ningesema asiiguse.

Siku ya mwisho iendeshe hadi ichemke. Ukifika nyumbani funga koki ya mafuta huku injini ikiwa inawaka, iache ijizime yenyewe. Hapo kabureta imebaki kavu. Hili kwa Vespa lina uzito zaidi kuliko kwa pikipiki za wenzako hapo juu, kwa sababu petroli yako imechanganywa na oili, asilimia mbili. Petroli ikivukiza, oili inabaki ndani ya kabureta nzito kama asali. Mafuta ya tenki yatoe yote, umpe mtu anayetumia leo.

Toa plagi, mimina kijiko kimoja cha oili ya tu-stroki, piga kiki taratibu mara chache ili ienee, rudisha plagi. Sili za ekseli ya injini zinahitaji oili, na zikikauka hupasuka. Ukirudi baada ya miaka miwili, ukaiwasha, ukaona resi inapanda yenyewe hujaigusa, izime papo hapo. Ni sili inayovuta hewa. Usiende nayo hata dukani.

Bodi ya Vespa ni bati tupu, haina fremu ndani yake, na chumvi ya Unguja inaanzia chini kwenye sakafu ya kukanyagia. Ng'oa mkeka wa mpira, unahifadhi maji. Osha chini kwa maji matamu, ikauke siku nzima, paka oili nyembamba kwa kitambaa. Iweke juu ya stendi na gogo chini ya sakafu mbele ili tairi zote mbili ziwe hewani. Ifunike kwa shuka la pamba au khanga kuukuu. Nailoni usitumie, inageuza jasho la usiku kuwa mvua ya ndani. Ekzosi izibe kwa tambara lenye oili na ufunge utepe mwekundu kwenye usukani wa kukumbusha, maana mwaka kesho kutwa utakuwa umesahau.

Kama yako ina betri, itoe apewe fundi wa betri wa mtaani awe anaichaji kila mwezi. Na ufunguo mwachie mama yako. Mpwa mwambie nimemsalimu.